Moyo unaopapatika usiku: neva zina mkono wake (uzi mrefu, tuvumiliane)

MwalimuChaki #1

Wakuu, habari za jioni.

Naandika uzi huu kwa sababu nimezunguka miezi kumi na minne na jambo ambalo nimelifundisha darasani miaka 22. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kidato cha tatu na cha nne. Kila mwaka nachora ubaoni moyo na neva zinazoufikia: moja inashuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni na kupunguza mapigo, nyingine zinatoka kwenye uti wa mgongo na kuyaharakisha. Wanafunzi wananakili, tunahamia mada nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba mchoro ule ungenihusu mimi mwenyewe.

Ilianza usiku wa Jumamosi. Tulitoka harusini, nimekula pilau sahani mbili na soda baridi juu yake, nikalala saa tano. Saa nane nikashtuka. Sikuwa nimeota chochote. Kifuani kulikuwa na kitu kama samaki aliyetupwa mchangani: anapapatika, anatulia, anapapatika tena. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Pigo, pigo, kimya, pigo-pigo-pigo, kimya kirefu, pigo. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, kila nikidhani nimeshika mwendo wake unaniponyoka. Mama watoto akawasha taa, akaniletea maji, akakaa pembeni ya kitanda akinishika mgongo. Usiku ule nilikwenda kukojoa mara nne, na mkojo wenyewe mwingi kweli. Adhana ya alfajiri ilipoanza, moyo ukarudi wenyewe, mara moja, kama mtu aliyezima redio.

Asubuhi nikaenda kupima. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. "Mwalimu, moyo wako mzima, punguza mawazo." Mara ya pili nikapewa dawa ya gesi. Mara ya tatu nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Mara ya nne sikusubiri kukuche. Nilimwamsha jirani mwenye gari, nikafika kituoni saa tisa usiku huku samaki bado anapapatika. Karatasi ikatoka, daktari wa zamu akaitazama kidogo tu, akaniambia: "Hii ni atriali fibrilesheni." Vyumba vya juu vya moyo havisinyai tena kwa pamoja, vinatetemeka tu.

Nikaanzishiwa atenolo, na presha yangu ilikuwa 148 kwa 92, kwa hiyo ilionekana dawa moja itatibu mawili. Ila kilichonifanya niandike ni hiki: kabla ya dawa ilikuwa inanipata mara moja kwa mwezi. Baada ya dawa ikawa kila wiki. Na kila mara ni usiku. Haijawahi kunipata nikiwa nafundisha, wala nikiwa na hasira, wala nikipanda mlima.

Nimekaa na vitabu vyangu likizo nzima kutafuta kwa nini ni usiku. Naweka hapa chini nilichokielewa. Wenye taaluma mnisahihishe bila kunionea haya.

MwalimuChaki #2

Anza na jambo ambalo wengi hawalijui. Moyo haungoji amri ya ubongo ili upige. Chumba cha juu cha kulia kina sehemu ndogo inayozalisha umeme wenyewe, nodi ya SA. Ukiiacha peke yake, kwa kijana mzima inapiga kama 100 kwa dakika. Waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine ndio ushahidi: neva zilikatwa wakati wa upasuaji, na wakiwa wametulia tu mapigo yao huwa kati ya 90 na 110.

Sasa wewe uliyekaa hapo una 70. Maana yake kuna kitu kinaushikilia moyo wako usikimbie, saa zote, hata sasa hivi unaposoma. Hicho ni neva ya vagasi, mkono mkuu wa mfumo wa parasimpathetiki, yaani neva za kuutuliza mwili. Ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha mwaka 1845 kwamba ukiipitishia umeme neva hii moyo unapungua mwendo na hata kusimama.

Unaweza kumsikia vagasi kazini bila kifaa. Kaa kimya, weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono mwingine mpaka ulipate pigo. Vuta pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi tano, kisha itoe taratibu hivyo hivyo. Ukivuta, mapigo yanasogeleana. Ukitoa, yanaachana. Kwa vijana inasikika wazi sana. Wanafunzi wangu wakiligundua hilo darasani wanapiga kelele.

Lugha anayotumia vagasi kuongea na moyo iligunduliwa na Otto Loewi huko Graz, Austria, mwaka 1921. Mwenyewe alisimulia kwamba aliota jinsi ya kufanya jaribio, akaamka akaandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi saa tisa, safari hii akaenda moja kwa moja maabara. Akachukua mioyo miwili ya chura. Akasisimua vagasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyokuwa ndani yake, akayatia kwenye moyo wa pili ambao hakuugusa neva yoyote. Na wenyewe ukapungua! Kulikuwa na kemikali ndani ya yale maji. Leo tunaiita asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Mpaka hapo ni somo la kidato cha nne. Nililokuwa silijui ni kwamba kwenye vyumba vya juu asetilikolini haipunguzi mwendo tu. Inafungua milango ya potasiamu kwenye seli za misuli, na seli ikifunguliwa milango hiyo inamaliza zamu yake mapema. Muda wake wa kupumzika, ule ambao hata ukiichokoza haijibu, unafupika. Na haufupiki sawa kila mahali, kwa sababu matawi ya neva yamejaa zaidi sehemu fulani kuliko nyingine. Basi wimbi la umeme likipita linakuta hapa seli ziko tayari, pale bado, linapinda, linarudi lilikotoka, linagawanyika. Vyumba vya juu vinafikia mitetemo 350 mpaka 600 kwa dakika. Kinachotuokoa ni nodi ya AV iliyoko katikati, inayochuja na kupitisha sehemu tu kwenda vyumba vya chini, ndiyo maana mkononi unapata labda 130, tena bila mpangilio.

Kwa hiyo neva ile ile inayoutuliza moyo ndiyo inayoweza kuuandalia njia ya kuvurugika. Ilinichukua siku tatu kulikubali hili.

MtuWaPangani #3

Mwalimu pole sana. Ila mimi bado nasema gesi isipuuzwe. Mzee wangu akila maharage usiku moyo unamwenda mbio, akibeua anatulia. Hospitali zote wamemwambia hana tatizo.

MwalimuChaki #4

Mkuu, sipingi. Vagasi hiyo hiyo inayofika moyoni inaendelea kushuka mpaka tumboni, ndiye msimamizi wa usagaji. Mlo mzito wa usiku unajulikana kabisa kuwa unaweza kuamsha tatizo hili. Hofu yangu ni kwamba neno "gesi" linafunga jalada. Mimi nilikunywa dawa za gesi miezi mitano. Mzee apimwe wakati hali yenyewe imemshika, sio kesho yake asubuhi.

NesiWaMvita #5

Assalaam aleikum. Mwalimu, pole kwa mtihani.

Mimi ni nesi wa wodi ya watu wazima Mombasa, mwaka wa 19 huu. Naomba niongeze la mkono, maana si kila kituo kina ECG, lakini kila mtu ana vidole.

Kosa nnaloliona kila siku ni mtu kuhesabu sekunde 15 halafu kuzidisha mara nne. Kwa moyo ulio sawa hapana neno. Kwa moyo wa namna hii utapata 60, urudie upate 112, uandike chochote tu. Hesabu dakika nzima. Na usisikilize idadi peke yake, sikiliza mpangilio. Kuna mapigo yanayoruka kwa utaratibu, kila baada ya matatu moja linakosa. Hayo ni mengine. Ya fibrilesheni hayana utaratibu hata kidogo, huwezi kubashiri lijalo.

Na kama una mwenzio, mmoja asikilize kifuani kwa stetoskopu, mwingine ashike mkono, muanze pamoja. Alikuja mzee mmoja mvuvi, miguu imefura, ameandikiwa pigo 84. Nikamwambia mwanafunzi wangu ashike mkono, mimi nikaweka stetoskopu kifuani. Yeye 84, mimi 128. Yale mapigo 44 yaliyopotea moyo uliyapiga kabla haujajaa damu, hayakufika mkononi. Mwanafunzi alidhani amekosea, akaomba turudie. Tukarudia, yakawa yale yale.

Mwalimu, nikuulize jambo, usinichukulie vibaya. Je, wakoroma?

Mbio42 #6

Nasubiri jibu la hilo swali. Mimi nakimbia marathoni Arusha, nina miaka 51, mapigo yangu nikipumzika ni 46. Siku zote najivunia. Sasa huu uzi unanitia wasiwasi: vagasi wangu ana nguvu kupita kiasi?

DktMapigo #7

Mwalimu, shikamoo. Nesi, shikamoo pia. Mimi ni daktari, niko kwenye mafunzo ya ubingwa wa moyo Dar. Uzi mzuri, ngoja nichangie kwa kirefu kidogo.

Alichokieleza Mwalimu kuhusu usiku kina jina lake. Kuanzia mwaka 1978 Philippe Coumel, daktari wa hospitali ya Lariboisière, Paris, alieleza aina mbili za wagonjwa. Wa kwanza ni wale wa vagasi: mara nyingi wanaume wa umri wa kati, moyo wenyewe ukipimwa hauna ugonjwa unaoonekana, na tukio linakuja usiku, baada ya kula, au wakipumzika baada ya kazi ngumu. Wa pili ni wa adrenalini: mchana, kwenye purukushani, hasira, mazoezi. Na Coumel aliandika kwamba kwa wale wa vagasi, digoksini (dawa ya moyo) na bita bloka (dawa za kuzuia adrenalini isiukimbize moyo) zinaweza kuzidisha matukio. Ukifikiri ni rahisi kuelewa. Digoksini inaongeza nguvu ya vagasi, na bita bloka inafunga mdomo wa upande wa pili, kwa hiyo vagasi anabaki peke yake jukwaani. Atenolo ni bita bloka.

LAKINI msomaji usikimbilie kabatini kutupa dawa. Wagonjwa wengi hawako upande mmoja safi, wamechanganyika. Kwa wengi bita bloka ndiyo inayozuia vyumba vya chini visikimbie 150, na ukiiacha ghafla mapigo na presha vinaweza kuruka vibaya. Inapunguzwa taratibu, na daktari anayekujua.

Sasa kwa nini wamechanganyika. Vagasi anatandaza nyasi kavu, sawa, ila nyasi haziwaki bila cheche. Cheche inatoka wapi? Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walitafuta kwa wagonjwa 45 mahali mapigo ya kwanza ya vurugu yanapoanzia. Walipata sehemu 69, na asilimia 94 zilikuwa ndani ya vena za mapafu, pale zinapoingia chumba cha juu cha kushoto. Misuli ya moyo inaingia kidogo ndani ya vena hizo kama mikono ya shati. Na pembeni hapo hapo, kwenye mafuta yanayofunika moyo kwa nje, kuna mafundo ya neva, vagasi na simpathetiki (zile za kuharakisha mapigo) zikiwa zimesukana pamoja.

Noradrenalini ya simpathetiki inajaza seli kalsiamu, na seli iliyojaa kalsiamu inafyatua umeme ambao haukuombwa. Asetilikolini kwa wakati ule ule inafupisha pumziko. Timu ya Peng-Sheng Chen, Marekani, ilirekodi neva za mbwa kwa vifaa vilivyopandikizwa na kuchapisha mwaka 2008: mara nyingi kabla ya vurugu kuanza, pande zote mbili zilifyatuka karibu pamoja. Kwa hiyo mimi nawaambia wagonjwa wangu wasitafute nani mbaya kati ya hawa wawili. Tatizo kubwa ni wanapoongea kwa pamoja.

Kuhusu mkojo wa Mwalimu: vyumba vya juu vikitanuka na kutetemeka vinamwaga homoni inayoamuru figo zitoe chumvi na maji. Mgonjwa akiniambia "moyo ulienda mbio na nikakojoa sana", nazidi kuamini kwamba ni tukio la kweli la umeme wa moyo na sio mawazo.

Mbio42, 46 kwa mkimbiaji bila kizunguzungu wala kuzirai ni kawaida. Lakini swali lako ni la haki. Sweden wana mashindano ya kuteleza kwenye theluji kilomita 90, Vasaloppet. Walifuatilia washiriki zaidi ya 52,000, na waliomaliza mara nyingi zaidi na waliokuwa na kasi zaidi walionekana kupata matatizo ya mpangilio wa moyo zaidi ya wengine. Endelea kukimbia, faida ni kubwa. Ila ukisikia samaki wa Mwalimu, usijiambie wewe ni mwanamichezo haliwezi kukupata.

Mbio42 #8

Ahsante daktari. Swali la nyongeza: mtaani kwetu wanasema moyo ukienda mbio ujikamue kama uko chooni, au uchovye uso kwenye maji baridi. Shemeji yangu akifanya hivyo moyo unatulia palepale.

DktMapigo #9

Shemeji yako huenda ana tatizo jingine, lile la mapigo ya kasi lakini yenye mpangilio kamili, 180 kama cherehani. Humo umeme unazunguka kwenye duara linalopita ndani ya nodi ya AV. Ukijikamua unamwamsha vagasi, anaifunga nodi ya AV sekunde chache, duara linakatika. Uingereza walipima mwaka 2015 kwa wagonjwa 428: ukijikamua umekaa tu, asilimia 17 walitulia; ukijikamua kisha ukalazwa chali haraka na miguu ikainuliwa, asilimia 43. Hatua ndogo ya bure kabisa, na imewaepusha watu sindano.

Kwenye fibrilesheni duara haliko kwenye nodi ya AV, liko kwenye vyumba vya juu penyewe. Kujikamua hakutaikata. Huenda ikapunguza mapigo kwa muda mfupi tu. Shemeji apimwe ECG wakati imemshika.

BintiKilosa #10

Shikamooni wakubwa. Mimi naomba kuuliza kuhusu mama. Ana miaka 44, valvu ya moyo iliharibika tangu alipougua homa ya baridi yabisi utotoni, na sasa ameambiwa ana hii hii atriali fibrilesheni. Anatumia warfarini. Kuna mtu kanisani amempa mazoezi ya pumzi ya kutuliza vagasi, akamwambia akiyafanya siku 40 ataacha dawa ya kuyeyusha damu. Mama amechoka kuchomwa sindano za kupima damu, amefurahi sana. Nimwambie nini?

DktMapigo #11

Dada yangu, asiache. Naomba umsomee hii.

Chumba cha juu kinapotetemeka badala ya kusinyaa, damu inatuama, hasa kwenye kimfuko kidogo cha chumba cha kushoto. Damu iliyotuama inaganda. Bonge likitoka linaelekea kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Fibrilesheni peke yake inaongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Ikiwa pamoja na valvu ya mitrali (ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto) iliyobana kutokana na homa ile, hatari ni kubwa zaidi sana. Haijalishi tukio lilianzishwa na vagasi au adrenalini, linakuja mchana au usiku, mama analisikia au halisikii.

Na mtu akikwambia kuna dawa mpya zisizohitaji kupima damu, ni kweli zipo, na kwa wagonjwa wengi wasio na valvu iliyobana ni nzuri. Kwa wagonjwa kama mama, utafiti wa INVICTUS uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 zikiwemo za Afrika, ulilinganisha rivaroksabani, moja ya hizo mpya, na dawa za jamii ya warfarini. Waliokuwa upande wa warfarini walipata madhara na vifo vichache. Huu ni utafiti uliofanywa kwa watu kama sisi, kwa ugonjwa wetu. Nauheshimu sana.

Pumzi taratibu afanye, zinatuliza, hazina ubaya. Ila ni pamoja na dawa, sio badala yake.

NesiWaMvita #12

Mwanangu BintiKilosa, hapo kwenye kuchoka kupimwa nakuelewa. Muulize mama kuhusu mboga. Wengi huambiwa "usile majani" wakaacha kabisa, kisha siku ya sikukuu wakala kisamvu sufuria nzima, na INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikaporomoka. Majani yana vitamini K, inayopingana na warfarini. Hajakatazwa. Ale kiasi kinachofanana kila wiki, na dawa ipangwe kwa kukifuata chakula chake. INR ikikaa kati ya 2 na 3, vipimo navyo huachana. Na asinywe dawa yoyote ya maumivu au ya miti bila kuuliza.

Mwalimu bado hajanijibu.

MwalimuChaki #13

Dada, nimechelewa kwa sababu nilikwenda kuuliza. Nilipomuuliza mama watoto kama nakoroma, alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba kukoroma si neno. Kinachomtisha ni ninapoacha kukoroma. Anasema kifua kinapanda na kushuka lakini hakuna hewa inayopita, anahesabu kimoyomoyo, halafu nashtuka kwa mkoromo mkubwa na kugeuka. Kwa miaka miwili amekuwa akinisukuma begani ili nipumue. Hakuwahi kuniambia kwa sababu alidhani nitaona aibu.

Nina kilo 96.

NesiWaMvita #14

Nilishuku tangu uliposema mchana hakikupati kitu. Mpe shukrani mkeo, amekulinda.

DktMapigo #15

Nesi ameligusa penyewe, na mimi nilipitwa. Mwalimu, njia ya hewa ikijifunga usingizini, kifua kinavuta dhidi ya mlango uliofungwa. Shinikizo ndani ya kifua linashuka sana, vyumba vya juu vya moyo vinavutwa na kutanuka, vagasi anaamka, mapigo yanashuka. Oksijeni inapungua. Kisha ubongo unakuamsha kwa nguvu, simpathetiki inafyatuka, presha na mapigo vinapanda ghafla. Nyasi kavu, halafu cheche, ndani ya dakika moja. Na hilo linajirudia usiku kucha.

Inaelezea pia presha ya 148.

Omba ufungwe Holter, kile kirekodi cha umeme wa moyo cha saa 24 au zaidi, na ueleze habari za usingizi. Mkeo arekodi sauti kwa simu usiku huo huo. Uzito nao una nafasi: huko Adelaide, Australia, mwaka 2015 walifuatilia watu wanene wenye fibrilesheni, na waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito na kubaki hapo walikuwa na uwezekano mara sita wa kukaa bila matukio. Kwako hiyo ni kilo kumi.

UghaibuniDallas #16

Huku Marekani naona mtandaoni wanauza vibanio vya sikio vya kusisimua vagasi, wanadai vinatibu hii kitu. Nimtumie baba kimoja?

DktMapigo #17

Usitume, kaka. Wazo lenyewe ni la kweli, kuna tawi la vagasi linalofika kwenye ngozi ya sikio. Utafiti wa TREAT AF wa mwaka 2020 uliwasisimua watu saa moja kila siku kwa miezi sita, kwa nguvu ndogo, na muda wa kukaa kwenye fibrilesheni ulipungua sana ukilinganisha na wenzao. Lakini walikuwa watu 53 tu. Na vagasi, kama tulivyoona humu, akisisimuliwa kidogo ni jambo moja, akisisimuliwa kwa nguvu ni jambo lingine kabisa. Kifaa ulichokiona dukani hujui kinatoa umeme kiasi gani. Pesa hiyo mnunulie baba mashine nzuri ya presha.

MwalimuChaki #18

Wakuu, wiki tatu zimepita, naleta marejesho.

Nilifungwa Holter Jumanne. Mama watoto akaweka simu juu ya kabati, inarekodi. Alhamisi tukakaa na daktari, yeye na karatasi yake, sisi na simu yetu.

Saa nane na dakika 11 kwenye simu, mkoromo unakatika. Nilisikiliza ukimya wangu mwenyewe, sekunde 31. Nilikuwa natamani kumsukuma yule mtu apumue. Karatasi ya Holter dakika hiyo hiyo inaonyesha mapigo yameshuka mpaka 44. Kisha mkoromo ule mkubwa. Mapigo yanapanda, yanaonekana mapigo mawili ya mapema, yamewahi. Ukimya mwingine. Saa nane na dakika 14 mstari unaanza kutetemeka, na vile vilima vidogo vinavyotangulia kila pigo havipo tena. Iliendelea kwa muda wa saa tatu na dakika 10.

Daktari hakusema lolote kwa muda. Aliomba kuisikiliza tena ile sauti.

Atenolo inapunguzwa kwa wiki mbili mpaka iishe, presha nimewekewa losartani. Kuhusu dawa ya kuyeyusha damu tumehesabu alama zangu za hatari ya kiharusi, nina moja, ya presha. Tumekubaliana kulijadili tena nikishapima usingizi, nipo kwenye foleni. Kwa sasa nalala ubavu, mama watoto ameshona mfuko wa mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana yangu ili nisilale chali. Chakula cha usiku kabla ya saa moja. Kilo 93.

Tangu nianze kulala hivi, siku 16, limenipata mara moja, dakika arobaini.

MtuWaPangani #19

Mwalimu, mzee amepimwa. Usiku, ikiwa imemshika, kama ulivyosema. Ndiyo yenyewe. Ameanza dawa. Ahsante sana ndugu yangu.

BintiKilosa #20

Mama hajaacha warfarini. INR ya leo 2.4. Nilimsomea maneno ya daktari yote. Anauliza kwa Nesi: tembele la nazi linaruhusiwa?

NesiWaMvita #21

Laruhusiwa, mwanangu. Kiasi kile kile cha wiki iliyopita.